George de Hevesy, Mpimaji wa Maji ya Mwili

Mtu aliyevimba miguu na tumbo akipandishwa katika mizani, mizani huonyesha uzito wake tu. Haionyeshi nyama ni kiasi gani na maji ni kiasi gani. Mganga, awe Songea au London, hubonyeza mguu kwa kidole gumba, na akiona shimo limebaki hujua kwamba kuna maji chini ya ngozi. Lakini ni lita ngapi? Mwanadamu hamiminwi katika kibaba. Aliyefungua njia ya kuyapima ni George de Hevesy.

Alizaliwa Budapest, katika nchi ya Hungaria, tarehe 1 Agosti 1885. Alisoma kemia Ujerumani, na mwaka 1911 akafika Manchester, Uingereza, kwa bingwa Ernest Rutherford. Huko alipewa kazi ya kutenga radiamu D, kitu chenye kutoa miali, na risasi iliyochanganyika nacho. Alijitahidi sana asifaulu, wala hapana ambaye angalifaulu, maana radiamu D yenyewe ni risasi ya namna nyingine. Ndipo Hevesy alipogeuza mawazo yake. Ikiwa kitu hiki hakitengani na risasi, basi kitaifuata kila iendako, kama kivuli kimfuatavyo mtu. Na miali yake itaonyesha kilipo. Mwaka 1913, huko Vienna, yeye na Friedrich Paneth wakaanza kuitumia alama hiyo.

Husimuliwa kwamba Hevesy alimshuku mama mwenye nyumba alimopanga kuwa huwapikia tena wageni nyama waliyobakiza. Mama alikana. Basi Hevesy akatia alama kidogo katika mabaki yake, na baada ya siku chache akaja mezani na chombo cha kupimia miali. Alama ikaonekana katika chakula kipya!

Kazi iliyo kubwa zaidi kwetu aliifanya mwaka 1934, pamoja na Erich Hofer. Wakati huo Harold Urey wa Marekani alikuwa amekwisha kuvumbua hidrojeni nzito, ambayo hufanya maji mazito. Maji hayo hayatoi miali, lakini huweza kutambulika na kupimwa.

Fikiri mtungi mkubwa usiojulikana una maji kiasi gani. Tia chumvi gramu 100, koroga, kisha teka kidogo upime. Ukikuta kila lita ina gramu 2, mtungi una lita 50. Hivyo ndivyo walivyofanya: mtu alikunywa maji mazito kidogo, yakachanganyika na maji yote ya mwili, kisha mkojo wake ukapimwa. Ikadhihirika kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa mtu ni maji, na kwamba nusu ya maji hayo hutoka na kupokewa na mengine katika muda wa siku 9 hivi.

Baadaye waganga walipata alama nyingine. Bromidi hukaa zaidi katika maji yaliyo nje ya chembe za mwili. Rangi fulani, ikitiwa katika mshipa, hukaa katika damu. Kwa kulinganisha vipimo, walijua maji ya mgonjwa aliyevimba yamejikusanya wapi. Jambo hili si dogo. Mtoto mwenye utapiamlo wa kuvimba huonekana mnene, na mama yake hudhani ana afya, kumbe nyama imekwisha na maji yamechukua mahali pake. Akianza kupona, uzito wake hupungua kwanza.

Vita vilipomfikia, Hevesy alikimbilia Sweden mwaka 1943. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka huo ikawa yake. Alifariki Freiburg, Ujerumani, tarehe 5 Julai 1966. Maji mazito yangali yakitumika. Katika nchi ya Kenya akina mama wamepewa wayanywe, kisha mate ya watoto wao wachanga yakapimwa, ili ijulikane kila mtoto anyonya maziwa kiasi gani.