Mustafa Barzani: Silaha ya kuazima haimpi mtu nchi

Mnamo tarehe 15 Februari 1999, jijini Nairobi, alikamatwa Abdullah Öcalan, kiongozi wa waasi wa Kikurdi waliokuwa wamepigana na serikali ya Uturuki kwa karibu miaka 15. Alikuwa amehifadhiwa katika makao ya balozi wa Ugiriki. Alipotolewa humo akidhani anapelekwa mahali pa usalama, aliangukia mikononi mwa majasusi wa Uturuki, nao wakamsafirisha hadi kwao kushtakiwa. Wakenya wengi waliulizana wakati huo Wakurdi ni akina nani, na ni kitu gani kilichouleta ugomvi wao hadi kwetu.

Kwa maoni yangu, jibu hupatikana vyema zaidi katika maisha ya Mkurdi mwingine, ambaye alikuwa amekwisha kufa miaka 20 kabla ya siku hiyo. Huyo ni Mulla Mustafa Barzani wa Iraki. Naandika habari zake nikiwakusudia hasa walimu wa Historia na wanafunzi wao. Tunapofundisha Vita Baridi, aghalabu sisi hutaja Washington na Moscow, mikataba na makombora, tukawasahau watu wadogo waliosukumwa huku na huko kama kete za bao.

Wakurdi ni watu wa milimani ambao ardhi yao imegawanywa baina ya Uturuki, Irani, Iraki na Syria. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Mkataba wa Sèvres wa mwaka 1920 uliwapa tumaini la kupata taifa lao. Mkataba wa Lausanne wa mwaka 1923 ukaliacha tumaini hilo lipotee. Mkoa wa Mosul, wenye Wakurdi wengi, ukatiwa ndani ya Iraki iliyokuwa chini ya usimamizi wa Waingereza. Na mwaka 1927 mafuta mengi yakagunduliwa karibu na mji wa Kirkuk. Sisi Waafrika hatuhitaji kuelezwa kwa kirefu maana ya mipaka iliyochorwa na wageni, wala jinsi mali iliyo chini ya ardhi inavyoweza kuwaletea balaa wanaoishi juu yake.

Barzani alizaliwa mwezi Machi 1903 katika kijiji cha Barzan, katika ukoo wa masheikh walioheshimiwa na kuogopwa. Utoto wake haukuwa wa raha. Inasimuliwa kwamba alitiwa gerezani pamoja na mamake angali mtoto mdogo, na mwaka 1914 watawala wa Kituruki walimnyonga kakake mkubwa, Sheikh Abdul Salam, mjini Mosul. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alipigana bega kwa bega na kakake mwingine, Sheikh Ahmed, dhidi ya serikali ya Iraki. Ndege za kivita za Uingereza ziliisaidia serikali hiyo kwa kuvipiga mabomu vijiji vyao. Ndugu hao wakashindwa, wakahamishwa mbali na kwao. Mwaka 1943 Mustafa alitoroka, akarudi milimani na kuanzisha uasi mpya; na mwaka 1945 akalazimika kuvuka mpaka na watu wake kuingia Irani.

Huko ndiko alikokutana kwa mara ya kwanza na mashindano ya mataifa makuu. Wakati wa vita vya pili vya dunia majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameikalia kaskazini ya Irani, na chini ya kivuli chao Wakurdi wa Irani walitangaza jamhuri yao mjini Mahabad mwezi Januari 1946. Rais wake alikuwa Qazi Muhammad, na Barzani akawa mmoja wa majemadari wake. Lakini Moscow ilikuwa na shabaha yake, yaani mafuta ya Irani. Serikali ya Tehran ilipoahidi kuigawia sehemu ya mafuta hayo, na mataifa ya Magharibi yalipoishinikiza iondoke, iliyaondoa majeshi yake mwezi Mei. Kufikia Desemba mwaka uo huo Jamhuri ya Mahabad ilikuwa imekwisha. Qazi Muhammad akanyongwa hadharani katika mji wake mwezi Machi 1947. Hata hayo mafuta, Wasovieti hawakuyapata, kwa kuwa bunge la Irani lilikataa mapatano hayo baadaye.

Barzani hakusubiri kitanzi. Akiwa na wapiganaji wapatao 500, alipita katika milima iliyo kwenye mipaka ya Iraki, Uturuki na Irani huku akiandamwa na majeshi, hata akavuka mto Aras mwezi Juni 1947 na kuingia katika nchi ya Kisovieti. Alikaa uhamishoni huko kwa zaidi ya miaka 11. Magazeti ya Magharibi yakambandika jina la Mulla Mwekundu, ingawa hakuwa mkomunisti wakati wowote. Alikuwa mzee wa ukoo aliyetafuta msaada popote ulipopatikana.

Mapinduzi ya tarehe 14 Julai 1958 yaliuangusha ufalme wa Iraki, na mtawala mpya, Jenerali Abdul Karim Qasim, akamruhusu Barzani kurejea nyumbani. Alipokelewa kwa heshima kubwa. Hata hivyo, urafiki huo haukudumu, na mwezi Septemba 1961 vita vikaanza upya. Qasim aliuawa mwaka 1963, na serikali zilizomfuata zikapigana, zikasimamisha mapigano, kisha zikapigana tena. Tangu katikati ya miaka hiyo ya 1960, Mfalme wa Irani, yaani Shah, pamoja na Israeli, walianza kumpelekea Barzani silaha na fedha, kila mmoja akiwa na haja yake ya kuiona Baghdad ikihangaika.

Hapa yafaa tutue kidogo, kwa maana msaada huo haukutolewa bure. Shah alikuwa na Wakurdi wake ndani ya Irani, nao pia walikuwa na malalamiko. Ili asimuudhi mfadhili wake, Barzani aliwazuia Wakurdi hao wasipigane na Tehran, na baadhi yao waliuawa au kukabidhiwa kwa adui yao. Aidha, ndani ya chama chake mwenyewe alifarakana mwaka 1964 na viongozi kama Ibrahim Ahmad na Jalal Talabani, na baada ya muda kundi lao likajiunga na serikali kupigana naye. Wanaomsifu Barzani hupenda kuyaruka mambo haya. Mimi nayataja kwa sababu yanaonyesha gharama ya kwanza ya bunduki ya kuazima: mwenye bunduki ndiye anayeamua umpige nani, na siku nyingine humpiga nduguyo.

Mambo yalielekea kutengenea tarehe 11 Machi 1970. Chama cha Baath, kilichotwaa madaraka mwaka 1968, kilitiliana mkataba na Barzani, na aliyeyaongoza mazungumzo kwa upande wa Baghdad alikuwa Saddam Hussein. Wakurdi waliahidiwa utawala wa jimbo lao, lugha yao itambuliwe pamoja na Kiarabu, na mambo yote yatimizwe katika muda wa miaka minne. Naomba wanafunzi walizingatie jambo hili. Ombi la Barzani mezani halikuwa kuivunja Iraki. Lilikuwa kujitawala ndani yake. Ugomvi ulibaki kuhusu Kirkuk na mafuta yake. Ilikubaliwa hesabu ya watu ifanywe ili ijulikane mji huo ni wa nani, lakini hesabu hiyo haikufanywa, na wakati huohuo serikali ikawa inawahamisha Wakurdi na kuwaleta Waarabu. Mwezi Septemba 1971 wageni waliojitia kuwa wajumbe wa amani waliingia nyumbani kwa Barzani wakiwa na mabomu yaliyofichwa. Alinusurika, lakini imani iliyokuwapo ikafa siku hiyo.

Mwaka 1972 ndio mwaka mataifa makuu yalipoingia kwa miguu miwili. Mwezi Aprili Iraki ilitia saini mkataba wa urafiki na Muungano wa Kisovieti. Mwishoni mwa Mei Rais Richard Nixon wa Marekani alizuru Tehran, na Shah akamwomba awasaidie Wakurdi. Nixon akakubali, na Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, likapewa kazi ya kupeleka kwa siri msaada wa thamani ya dola milioni 16 hivi. Basi, mtu aliyekuwa ameitwa Mulla Mwekundu akawa rafiki wa Washington, na Moscow iliyompa hifadhi kwa miaka 11 ikawa inaipa Baghdad mizinga na ndege za kumpigia. Barzani hakumwamini sana Shah, lakini aliliamini neno la Marekani. Aliona kwamba taifa kubwa kama lile lisingeweza kumtupa.

Baadaye, mwaka 1976, taarifa ya kamati ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Otis Pike ilivuja na kuchapishwa. Ilidhihirisha kwamba Shah na wakubwa wa Washington hawakutaka Wakurdi washinde. Walichotaka ni vita viendelee kwa kiasi cha kuichosha Iraki. Wakurdi wenyewe hawakuambiwa hayo.

Mwezi Machi 1974 Baghdad ilitangaza sheria ya utawala wa jimbo isiyoijumuisha Kirkuk. Barzani, akitegemea nguvu za wafadhili wake, aliikataa, na vita vikubwa kupita vyote vikaanza. Majeshi ya Irani yaliwasaidia Wakurdi kwa mizinga mizito. Kisha, tarehe 6 Machi 1975, kwenye mkutano wa nchi zitoazo mafuta mjini Algiers, Shah na Saddam Hussein walipatana. Iraki ilikubali mpaka wa nchi hizo mbili upite katikati ya mkondo wa Shatt al-Arab, mto ambao hapo awali ulikuwa karibu wote chini yake. Irani nayo ikaahidi kuufunga mpaka na kuacha kuwasaidia Wakurdi. Mizinga ya Irani ikaanza kuondolewa mara moja. Barzani aliiandikia serikali ya Marekani kuomba msaada, asipate jibu. Katika muda wa majuma machache jeshi lake lilisambaratika, na watu zaidi ya laki moja wakakimbilia Irani wakiwa na watoto na vifurushi.

Barzani alipatwa na saratani, akaenda kutibiwa Marekani, na huko Washington ndiko alikofia tarehe 1 Machi 1979. Shah alikuwa ameikimbia nchi yake mwezi Januari mwaka uo huo. Mwili wa Barzani ulizikwa Irani, karibu na mpaka, na mwaka 1993 ukahamishiwa Barzan.

Wengi hukomesha hadithi hapo, wakasema mzee yule alisalitiwa. Hapana shaka alisalitiwa. Lakini nadhani tunawapunja wanafunzi wetu tukiwafundisha usaliti peke yake, kwa kuwa Baghdad nayo ina sehemu yake katika hesabu hii. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Serikali ya Iraki ilikataa kuutimiza mkataba wa 1970 kwa raia wake yenyewe, kisha ikalazimika kumpa jirani haki juu ya mto ili raia hao hao wanyamazishwe. Saddam hakuimeza aibu hiyo. Mwezi Septemba 1980 aliutupilia mbali mkataba wa Algiers na kuivamia Irani. Vita hivyo vilidumu miaka minane, vikaua mamia ya maelfu ya watu, na katika mwaka wake wa mwisho, tarehe 16 Machi 1988, Wakurdi wapatao 5,000 waliuawa kwa gesi ya sumu katika mji wa Halabja. Mwaka 1990 Saddam aliukubali tena mpaka uleule wa mtoni. Gharama yote hiyo ingeweza kuepukwa kwa hesabu ya watu ya haki na jimbo la kujitawala.

Katiba ya Iraki ya mwaka 2005 ililitambua jimbo la Wakurdi, yaani jambo lililoahidiwa miaka 35 kabla. Hata hivyo, funzo la 1975 halikukaa sana vichwani. Mwezi Septemba 2017 Masoud, mwana wa Barzani, aliitisha kura ya maoni kuhusu kujitenga, na zaidi ya asilimia 92 ya waliopiga kura wakakubali. Marekani, rafiki wa miaka mingi, ilikuwa imemwonya asifanye hivyo. Mwezi uliofuata majeshi ya Baghdad yaliitwaa Kirkuk, na hakuna taifa kubwa lililoinua mkono kumzuia mtu.

Mwalimu anayetaka kulifundisha jambo hili darasani na awape wanafunzi maswali mawili. Anayewapa waasi bunduki, ni kitu gani atakachoridhika nacho hata aichukue tena? Na serikali inayolalamika kwamba wageni wanawachochea raia wake, iliwaahidi nini raia hao, na ilitimiza nini? La kwanza ni la wale wanaoota kujitenga kwa nguvu za wengine. La pili ni la wanaotawala, nalo ndilo zito zaidi, kwa sababu mgeni hapati pa kuupitisha mkono wake mahali ambapo mwenye nyumba ameuziba ufa.