Semboja wa Mazinde: zumbe aliyechagua barabara

Ukisafiri kutoka Korogwe kwenda Same, ukishapita Mombo, utafika Mazinde. Ni mji mdogo: milima ya Usambara upande wa kulia, tambarare na mkonge upande wa kushoto. Wasafiri wengi hupita bila kushuka. Lakini karne ya 19 jina la mji huu lilijulikana hadi Pangani na Unguja, kwa sababu ya mtu mmoja, Semboja. Msikilizaji wetu, leo tunakuletea maisha yake.

Mtoto wa mfalme

Semboja alikuwa mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene wa Washambaa, aliyetawala kutoka Vuga, juu mlimani. Kimweri alikuwa mfalme wa ukoo wa Kilindi, ukoo ambao masimulizi yanasema ulianzishwa na Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu, upande wa Handeni na Kilindi. Aliheshimiwa kwa nguvu zake juu ya mvua, na aliwaweka watoto wake kuwa watawala wa sehemu mbalimbali za nchi.

Wakati huohuo mambo yalikuwa yanabadilika huku chini. Misafara ya biashara ilitoka Pangani, ikafuata bonde la mto kuelekea Kilimanjaro. Ilileta nguo, shanga, bunduki na baruti, ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Wazigua wa tambarare ya Handeni walipata bunduki mapema kuliko watu wa mlimani.

Semboja aliliona hilo. Ndugu zake walitazama juu, Vuga, naye akaweka makao Mazinde, mahali misafara inapopita. Aliongea Kiswahili, akavaa kama watu wa pwani, akaalika wafanyabiashara, akanunua bunduki. Abdallah bin Hemedi, aliyekuja kuandika kitabu cha Habari za Wakilindi, aliwahi kuishi na kufanya kazi kwake.

Vita vya ndugu

Kimweri alifariki mwaka 1862. Mtoto wake mkubwa, Mshuza, alikuwa ameshafariki, hivyo kiti kilikwenda kwa mjukuu, Shekulwavu. Kijana akawa mfalme, lakini mali na bunduki zilikuwa kwa baba yake mdogo, Mazinde.

Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja alimpiga Shekulwavu na kumtoa Vuga. Hapo akafanya jambo linaloonyesha fikra zake: hakukaa Vuga. Alimweka mtoto wake, Kimweri Maguvu, kuwa mfalme, yeye akabaki Mazinde. Heshima ya kiti aliiacha mlimani, nguvu akazishika barabarani.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Wabondei waliokuwa wakitawaliwa na Wakilindi waliinuka na kuwafukuza, vurugu inayokumbukwa kwa jina la Kiva. Kinyashi, ndugu yake Shekulwavu, aliendelea kupigana kwa miaka mingi. Watu waliotekwa katika vita hivyo waliuzwa pwani, na vijiji havikulala kwa amani. Hatuwezi kusimulia utajiri wa Mazinde tukaacha kusema kwamba sehemu yake ilitokana na kuuza binadamu.

Wageni wapya

Mwaka 1888 watu wa pwani walipoinuka dhidi ya Wajerumani wakiongozwa na Abushiri, Semboja alichukua mizigo ya msafara wa Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka uliofuata. Lakini Abushiri aliposhindwa, Semboja alipima upepo, akapatana na Wajerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 wakajenga kituo chao palepale Mazinde. Barabara iliyompa nguvu ndiyo iliyowaleta.

Semboja alifariki mwaka 1895. Mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mtoto wake, Mputa, aliyekuwa ametawala Vuga baada ya Kimweri Maguvu. Kiti wakampa Kinyashi, adui wa zamani wa Semboja. Kila alichokijenga kwa karibu miaka 30 kikaondoka mikononi mwa nyumba yake ndani ya mwaka mmoja.

Kilichobaki

Baadaye reli ya kutoka Tanga ilipita Korogwe, Mombo na Mazinde, ikafuata njia ileile ya misafara. Yakaja mashamba ya mkonge, yakaja na mabasi. Mpaka leo miji yetu ya chini ya mlima inaishi kwa barabara: soko, gulio, stendi na kibanda cha chai.

Semboja alijua kwamba mwenye barabara ana nguvu. Yaliyompata yanatufundisha jambo la pili: barabara haina mwenyewe, na inachokileta leo inaweza kukichukua kesho.

Wewe uliyeko Mazinde, Mombo, Korogwe au Handeni, waulize wazee wako walisimuliwa nini kuhusu Semboja na vita vile. Waulize mapema, wangali nasi.