E-Sir, Mkenya aliyeonyesha kwamba rap inawezekana kwa Kiswahili

Ku kivuko cha Lubunga, upande wa kushoto wa mto Kongo, kuko kijana mmoja anauzisha bonbon kwa rap. Anaimba bei, rangi na utamu, mpaka mtu mwenye kungoja mtumbwi anacheka na kutoa franka. Anaimba kwa Lingala, mara Kifaransa. Nilimuuliza juu ya nini haimbi Kiswahili na nyumbani anakisema. Akajibu kwamba rap haiendeke na Kiswahili. Basi E-Sir hamjui.

Jina lake la kweli lilikuwa Issah Mmari. Alizaliwa tarehe 20 mwezi wa tano 1981, na mtaa uliomjua ni South C, katika mji wa Nairobi. Wakati ule vijana wengi wa Afrika Mashariki walioanza rap walikuwa wanaiga Wamarekani, hata sauti ya puani. Yeye alichukua Kiswahili safi, akakichanganya na sheng ya mitaani, na maneno yakatoka mbio bila kujikwaa. Mzee aliweza kumfuata, na kijana hakuona haya kumsikiliza. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi ngumu aliyoifanya kuliko wengine.

Alirekodi kwa Ogopa Deejays. Pamoja na Nameless alitoa Boomba Train, watu wakacheza. Albamu yake inaitwa Nimefika.

Tarehe 16 mwezi wa tatu 2003 alikuwa anarudi Nairobi kutoka Nakuru. Gari ikapata ajali, akafa. Alikuwa na miaka 21, imebaki miezi miwili tu afikishe 22.

Siku zile Kisangani ilikuwa mikononi mwa RCD-Goma, na akili zetu zilikuwa kwengine. Mimi nilimsikia nyuma kabisa, ndani ya simu ya rafiki aliyetoka Bunia. Maneno mengine yalinipita, kwani Kiswahili chao na chetu vinaachana: kule bonbon inaitwa pipi, neno ambalo hapa kwetu, kwa sababu ya Kifaransa, linachekesha kila mtoto. Lakini mengi niliyashika.

Juzi nikamwekea yule kijana wimbo mmoja. Alisikiliza akiwa ameshika sahani yake ya bonbon, hakuuzisha hata moja. Akaniomba niurudilie. Mtumbwi wangu ukaondoka bila mimi.