Maurice Wilks na jipu yake ya zamani

Wenye kupita katika njia za matope za Kongo wanaijua Land Rover. Wachache ndio wanajua kama ilizaliwa na jipu moja yenye kuchoka.

Maurice Wilks alizaliwa Uingereza mwaka wa 1904. Alikuwa mkubwa wa mainjenieri wa kampuni Rover, yenye kaka yake Spencer alikuwa anaongoza. Kisha vita ya pili ya dunia, kwenye shamba lake katika kisiwa cha Anglesey, alikuwa anatumia jipu ya Willys iliyobaki ya jeshi.

Jipu ilikuwa na nguvu, lakini ilikuwa imechakaa, na kupata piesi zake ilikuwa shida. Inasimuliwa kwamba Spencer alimuuliza atanunua nini siku itakapokufa kabisa. Wilks hakuona gari ingine isipokuwa jipu ya namna ileile.

Wazo likaanzia hapo. Mwaka wa 1947 mafundi walichukua shasi ya jipu, wakaweka moteri ya Rover. Chuma kilikuwa kinagawanywa kwa kipimo, kwa hiyo karoseri ikawa ya aluminiyumu. Tarehe 30 mwezi wa 4, 1948, Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam. Kampuni ilifikiri itaitengeneza miaka michache tu, kusudi kiwanda kisikose kazi.

Wilks alikufa mwaka wa 1963, Anglesey kulekule. Na mpaka leo, fundi mwenye kufufua Land Rover ya zamani nyumbani anafungua buloni, anatoa kipande chenye kuharibika, anaacha vingine mahali pao.