Tumkumbuke Mboya kwa kazi yake, si kwa kifo chake tu

Kila ninapowauliza wanafunzi wa historia hapa Saboti wanieleze habari za Tom Mboya, jibu huwa ni lile lile. Watasema alipigwa risasi jijini Nairobi mnamo Julai 5, 1969, alipokuwa akitoka katika duka la dawa. Baadhi yao wataitaja sanamu yake iliyozinduliwa mwaka 2011 katika barabara ya Moi. Wachache watawakumbuka vijana aliowasaidia kwenda Marekani kusoma. Baada ya hapo, kimya. Ni kana kwamba mtu huyu alizaliwa ili auawe tu.

Nadhani lawama ni yetu sisi walimu. Tumewafundisha wanafunzi jinsi Mboya alivyokufa, tukasahau kuwaambia alikuwa akifanya kazi gani siku alipouawa. Alikuwa Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi. Alikuwa mmoja wa Wakenya wa kwanza waliojaribu kuiongoza nchi changa kwa utafiti na hesabu, wala si kwa hotuba peke yake. Katika kazi hiyo alifaulu pakubwa, na pia alikosea. Yote mawili yanatuhusu hadi leo.

Mboya alizaliwa mwaka 1930 huko Kilimambogo, karibu na Thika, ambako baba yake, mzaliwa wa Rusinga, alikuwa msimamizi katika shamba la mkonge. Alisoma Kabaa, Yala na Mang'u, lakini karo ikawa kikwazo. Akaenda kusomea kazi ya ukaguzi wa afya huko Kabete, na mwaka 1951 akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Hapo alijionea jinsi mkaguzi Mwafrika alivyolipwa mshahara mdogo mno kuliko Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Hakuishia kunung'unika. Aliwakusanya wenzake katika chama cha wafanyakazi, na mwaka 1953, akiwa kijana wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Hizo zilikuwa siku za hali ya hatari, ambapo vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku.

Mwaka 1955 alikwenda Uingereza kusoma kwa mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, mjini Oxford. Huko alikutana na jambo ambalo naamini lilimfinyanga. Waingereza walikuwa na chama cha Fabian, kilichoundwa mwaka 1884, ambacho kazi yake ilikuwa kuchunguza mambo ya nchi, kuyaandika katika vijitabu na kuyapeleka mbele ya wabunge na wananchi ili yajadiliwe. Kilikuwa hata na ofisi maalumu ya kushughulikia makoloni. Mwaka 1956 ofisi hiyo ilichapisha kijitabu cha Mboya kuhusu suala la Kenya. Yamkini ndipo alipotambua kwamba hoja iliyoandikwa, yenye takwimu na ushahidi, huingia katika milango ambayo bango la maandamano haliwezi kuingia.

Aliporejea hakuketi. Mwaka 1957 alichaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 28, aliongoza kikao cha mkutano wa mataifa ya Afrika mjini Accra. Mwaka 1959 ndege ya kwanza iliwabeba wanafunzi 81 kwenda Marekani. Baada ya kuwa Waziri wa Leba, kisha wa Sheria na Mambo ya Katiba, mwezi Desemba 1964 alikabidhiwa wizara mpya ya mipango.

Katika wizara hiyo aliweka msingi ambao tunapaswa kuusifu. Sensa ya mwaka 1962 ilikuwa imeonyesha kwamba Wakenya walikuwa zaidi ya milioni 8.6 na kwamba walikuwa wakiongezeka kwa kasi ya kama asilimia 3 kwa mwaka. Mwanasiasa mwingine angeziacha takwimu hizo kabatini. Serikali iliwaalika wataalamu wa idadi ya watu mwaka 1965, na muda mfupi baadaye Kenya ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuwa na mpango wa taifa wa uzazi. Mwaka huo huo wa 1965 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa maendeleo katika chuo kikuu cha Nairobi. Fikra kwamba serikali iulize kwanza kabla ya kutenda ilikuwa imeanza kuota mizizi.

Lakini ndipo tunapofikia Waraka Nambari 10 wa mwaka 1965, ule uliohusu Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya nchi. Mboya ndiye aliyekuwa mhimili wake, akisaidiwa na washauri wa kigeni. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: waraka ule ulikuwa umefikiriwa. Nchi ilikuwa na fedha chache. Waraka ukashauri zipelekwe mahali ambapo zingezaa matunda mengi na upesi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Watu wa sehemu kavu wangesaidiwa kwa elimu na mafunzo, na wengine wangehimizwa kuhamia kwenye rutuba.

Sisi wa Saboti tunayajua matokeo yake bila kusimuliwa. Tunaishi chini ya Mlima Elgon, katika ardhi ambayo walowezi waliitamani kwa sababu ya rutuba yake. Ukitoka Kitale ukaelekea kaskazini, safari ya muda mfupi hukufikisha Pokot, kisha Turkana. Kwa miongo mingi, mtoto wa upande huu na mtoto wa upande ule hawakuwa na shule sawa, hospitali sawa wala barabara sawa. Siwezi kusema kwamba waraka mmoja ndio ulioleta yote hayo, kwa kuwa ukoloni ulikuwa umetangulia. Ila waraka uliipa tofauti hiyo baraka ya kitaalamu. Ilibidi tungoje katiba ya mwaka 2010 ndipo uwekwe mfuko maalumu wa kusawazisha maeneo yaliyoachwa nyuma, na kaunti za Pokot Magharibi na Turkana zikawa miongoni mwa zile 14 za kwanza kutajwa.

Kosa lilikuwa wapi, basi? Mimi sioni kwamba lilikuwa katika hesabu. Lilikuwa katika mjadala. Waraka ulipotolewa, nchi iliambiwa kwamba sasa mabishano ya nadharia yafikie kikomo. Utafiti ulikuja kufunga mdomo badala ya kuufungua. Hata hivyo, mwezi Julai mwaka huo mwanauchumi kijana aliyeitwa Barack Obama, baba yake yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliukosoa katika jarida moja la Nairobi, akihoji umilikaji wa ardhi na uchumi uliokuwa bado mikononi mwa wasio Waafrika. Maswali yake yalikuwa mazito, lakini waraka ulibaki ulivyokuwa.

Hebu tulinganishe na Japani. Agosti 1945, mara tu baada ya nchi hiyo kushindwa vita, mhandisi mmoja aliyeitwa Saburo Okita na wenzake waliwakusanya wataalamu wa mirengo mbalimbali, wakajadili jinsi ya kuufufua uchumi uliokuwa majivu, na mwaka uliofuata wakatoa ripoti yao. Okita huyo ndiye aliyekuja kushiriki kuandaa mpango wa mwaka 1960 wa kuongeza pato la taifa maradufu kwa miaka 10, na lengo likatimia kabla ya muda huo. Mwaka 1963 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa uchumi ambayo yeye aliiongoza. Taasisi ya mambo ya kimataifa ilikuwa imeundwa mwaka 1959, na mwaka 1974 ikaanzishwa nyingine kwa sheria, ikichangiwa fedha na serikali kuu, serikali za mitaa na makampuni. Taasisi hizo zina kasoro zake. Zimelaumiwa kwa kuwa karibu mno na wizara na matajiri. Lakini ziliwapa maafisa, wafanyabiashara na wasomi meza moja ya kubishania takwimu kabla ya uamuzi kukatwa.

Kenya nayo haikukosa mwanga. Mwaka 1966 wasomi na maafisa wa serikali walikutana Kericho kuzungumzia elimu, ajira na maendeleo ya mashambani. Kutokana na mazungumzo hayo ulizaliwa mradi wa kujaribu sera katika maeneo 6, yakiwemo Vihiga na Kapenguria, kabla ya kuzieneza kote. Mboya alikuwa amekwisha kuuawa mradi ulipoanza kutekelezwa. Taasisi ya serikali ya kuchunguza sera, KIPPRA, iliundwa mwaka 1997, miaka 28 baada ya kifo chake.

Mkulima wa Saboti analielewa somo hili kuliko anavyodhaniwa. Mahindi chotara yaliyotolewa Kitale mwaka 1964 yalitokana na utafiti ulioanza mwaka 1955. Mbegu ilijaribiwa msimu baada ya msimu, na ile iliyoshindwa ikatupwa. Kama mbegu haipewi mkulima bila kujaribiwa, kwa nini sera ipewe wananchi bila kuulizwa?

Walimu wenzangu, nawaomba tuwape wanafunzi wetu kazi mpya. Waisome habari ya Mboya aliye hai: mkaguzi wa afya aliyehesabu mishahara, mwandishi wa kijitabu, waziri aliyeamini takwimu. Kisha wauchukue mpango wa maendeleo wa kaunti yao, waulize fedha zinakwenda wapi, nani aliyeulizwa na nani hakuulizwa. Wakialikwa kwenye kikao cha kutoa maoni, waende wakiwa wamesoma. Mboya alitufundisha kufanya utafiti, na kosa lake likatufundisha kuubishania. Tukishika somo moja na kuliacha la pili, tutazidi kuandikiwa nyaraka na watu wasioijua njia ya kwetu.