Selman Waksman: Msomi wa udongo aliyechangia tiba ya kifua kikuu

KONZI moja ya udongo wa shamba, uwe wa Werugha katika milima ya Taita au wa Ulaya, ina mamilioni ya viumbe wasioonekana kwa macho. Selman Waksman aliishi akiwachunguza viumbe hao, na kazi hiyo ikawaokoa wagonjwa wengi wa kifua kikuu.

Alizaliwa mnamo Julai 22, 1888, katika kijiji cha Nova Pryluka nchini Ukraine, iliyotawaliwa na Urusi wakati huo. Mwaka wa 1910 alihamia Marekani, akasomea kilimo katika chuo cha Rutgers, jimbo la New Jersey. Baada ya kupata shahada ya uzamifu huko California mnamo 1918, alirejea Rutgers kufundisha.

Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka wa 1928, ilikuja kutibu nimonia, kaswende na vidonda vilivyooza, lakini haikufua dafu mbele ya kifua kikuu. Mnamo 1943, katika maabara ya Waksman, mwanafunzi wake Albert Schatz alipata streptomisini kutokana na kiumbe wa udongoni. Dawa hiyo ilizindua kundi la aminoglikosidi, ambalo lina pia jentamisini, sindano wanayodungwa watoto wachanga walio mahututi.

Baadaye udongo ulitoa kundi la tetrasaiklini, linalotibu kipindupindu na baadhi ya magonjwa ya zinaa, pamoja na erithromisini ya kundi la makrolidi, kimbilio la wanaodhurika na penisilini.

Sifa hizo zilizua mzozo. Mwaka wa 1950 Schatz alimshtaki mwalimu wake, akatambuliwa kisheria kuwa mgunduzi mwenza na kutengewa fungu la mapato. Hata hivyo, Tuzo ya Nobel ya 1952 ilimwendea Waksman peke yake.

Streptomisini nayo ilikuwa na kasoro. Majaribio ya Uingereza yaliyochapishwa mnamo 1948 yalionyesha kuwa wagonjwa wengi walipata nafuu, kisha viini vya ugonjwa vikawa sugu. Ikabidi dawa hiyo ichanganywe na nyingine.

Hapo ndipo Afrika Mashariki ilipotoa mchango wake. Kuanzia 1970, utafiti uliofanywa Kenya na nchi jirani ulithibitisha kwamba streptomisini, isoniazidi na rifampisini zikitumiwa pamoja huponya kwa miezi 6, ilhali awali matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi.

Waksman aliaga dunia Agosti 16, 1973, akiwa na umri wa miaka 85. Leo mgonjwa wa Werugha humeza tembe badala ya kudungwa streptomisini, lakini muda wa kawaida ungali miezi 6. Anayeacha dawa kwa kuwa kikohozi kimetulia huviachia viini vilivyosalia nafasi ya kuwa sugu, na huenda akawaambukiza jamaa zake ugonjwa ulio mgumu zaidi kutibika.