Giuseppe Motta: Wakili wa Milimani Aliyekuwa Rais wa Uswisi Mara Tano



Mara nyingi tunasoma maisha ya watakatifu. Leo naomba tumtazame mtu ambaye Kanisa halijamtangaza mtakatifu, na mkifika mwisho mtaona kwamba hata mimi sina haraka ya kumwita hivyo. Ni mlei, wakili, baba wa watoto kumi. Aliingia kwenye siasa akiwa kijana kabisa na hakutoka mpaka kifo kilipomkuta kazini. Jina lake Giuseppe Motta.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1871 Airolo, kijiji cha milimani katika kantoni ya Ticino, kusini mwa Uswisi, ambako watu huongea Kiitaliano. Wasafiri waliovuka mlima wa Gotthard walipita hapo kwa magari ya farasi, na familia yake iliishi kwa kazi hiyo na kwa nyumba ya wageni. Halafu mwaka 1882 likafunguliwa handaki la reli lenye urefu wa kilomita 15. Motta alikuwa na miaka kumi tu, na tayari alishaona kazi ya kwao ikipitwa na garimoshi.

Alisoma Ascona, kisha Fribourg, akaendelea na sheria hapo Fribourg, Munich na Heidelberg, ambako alipata udaktari wa sheria mwaka 1893. Sasa fikiria: kijana ana shahada kubwa, anajua Kiitaliano, Kifaransa na Kijerumani. Angeweza kubaki mjini. Yeye akarudi Airolo, mwaka 1895 akafungua ofisi ya uwakili, na mwaka huohuo akachaguliwa kuingia bunge la kantoni. Alikuwa na miaka 23.

Na siasa ya Ticino haikuwa mchezo, jamani. Mwaka 1847 kantoni za Kikatoliki zilishindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na baada ya hapo chama cha Wakatoliki wahafidhina kikakaa nje ya serikali ya shirikisho zaidi ya miaka 40. Wa kwanza wao kuingia, mwaka 1891, alikuwa Josef Zemp, naye pia mwanasheria. Kule Ticino kwenyewe mambo yalikuwa makali zaidi. Septemba 1890 waliberali waliiangusha kwa silaha serikali ya wahafidhina, na mjumbe wa serikali hiyo, Luigi Rossi, akauawa kwa risasi. Motta alikuwa kijana wa miaka 18 wakati huo, na chama kilichoshambuliwa ndicho alichokuja kujiunga nacho. Mtu angetegemea alipe kisasi akipata nafasi. Lakini alijulikana kwa kutafuta maelewano na wapinzani wake, na nadhani ndiyo sababu alifika mbali.

Mwaka 1899 aliingia bunge la taifa, na mwaka huo pia akafunga ndoa na Agostina Andreazzi. Tarehe 14 Desemba 1911 akachaguliwa kuwa mmoja wa wale watu saba wanaounda serikali ya Uswisi. Urais kule ni wa kupokezana, mwaka mmoja mmoja, na Motta aliushika mara tano: 1915, 1920, 1927, 1932 na 1937.

Alianzia fedha. Vita Kuu ilipolipuka mwaka 1914, Waswisi wanaoongea Kijerumani waliielekea Ujerumani kwa moyo, na wale wa Kifaransa wakaielekea Ufaransa. Nchi ilikuwa inachanika kimyakimya. Huyu mtu wa kundi dogo la tatu akajikuta anafaa kuzungumza na pande zote mbili. Tena ilibidi awatoze watu kodi ya vita. Juni 1915 wananchi wakapiga kura juu ya kodi hiyo, na zaidi ya asilimia 90 wakakubali. Yaani watu wakubali kodi kwa kura yao wenyewe!

Mwaka 1920 alihamia mambo ya nje, akakaa huko miaka 20. Kwanza alihangaika kuwashawishi Waswisi wajiunge na Shirikisho la Mataifa. Kura ya tarehe 16 Mei 1920 ilipita kwa kantoni 11 na nusu dhidi ya 10 na nusu. Nusu-kantoni moja tu ingegeuka, basi ingekwama. Novemba mwaka huo, Geneva, yeye kama rais wa nchi mwenyeji alifungua mkutano mkuu wa kwanza, akaomba mlango uachwe wazi hata kwa walioshindwa vitani. Mwaka 1924 mkutano ukamchagua kuuongoza. Mwaka 1920 pia balozi wa Papa alirudi Uswisi, baada ya uhusiano kukatika tangu miaka ya 1870.

Septemba 1934 Urusi ya Kisovieti iliomba kujiunga. Mataifa makubwa yalitaka jambo lipite. Motta alisimama akapinga, akieleza kwamba ukomunisti ule ulipiga vita dini na familia. Ni nchi tatu tu zilizopiga kura ya hapana: Uswisi, Uholanzi na Ureno. Alijua atashindwa, na akasema hivyohivyo.

Ningependa kuishia hapo, ila nisingekuwa mkweli.

Oktoba 1935 Italia ya Mussolini iliivamia Ethiopia, nchi ya Kiafrika yenye Ukristo wa tangu karne ya nne. Shirikisho likaiwekea Italia vikwazo. Uswisi ya Motta ikavitekeleza nusunusu: ikazuia silaha kwa pande zote mbili, mvamizi na mvamiwa sawasawa, wakati mvamizi alikuwa na viwanda vyake. Desemba 1936 ikautambua utawala wa Italia huko, miongoni mwa nchi za mwanzo kufanya hivyo. Motta alikuwa na sababu: Italia ni jirani, biashara, lugha ya mama, hofu ya nchi ndogo. Wengi nyumbani walimlaumu kwamba alimwonea Mussolini haya kupita kiasi. Mimi kama Mwafrika naona walikuwa na haki. Yule aliyeweza kusimama karibu peke yake mbele ya Moscow hakusimama mbele ya Roma ya Mussolini, na imani yake ilikuwa ileile.

Mwaka 1938 aliirudisha nchi kwenye kutofungamana kabisa, na Shirikisho likakubali isishiriki tena vikwazo. Vita vya pili vilipoanza, afya yake ilikuwa imechoka. Alifariki Bern tarehe 23 Januari 1940, akiwa bado waziri, baada ya miaka 28 serikalini. Nafasi yake ikachukuliwa na Enrico Celio, mwanasheria mwingine kutoka bonde lilelile la Airolo.